Babu wa keya anataka kukaa ndani ya Dakota, uwanjani wanasema hairuhusiwi

Mjukuu_Ngamiani
Wakuu, mwezi wa saba kuna Dakota, ile ndege ya mizigo na askari ya Vita Kuu ya Pili, ya mtu binafsi, itatua hapa Tanga na kulala siku mbili. Babu yetu ana miaka 101, alikuwa keya (askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) kule Burma wakati wa vita hivyo, na ameomba jambo moja tu: aingie akae ndani. Anatembea kwa mkongojo, anameza dawa za presha, magoti hayakunji vizuri. Mwenye ndege hana neno, ila tumeambiwa usalama hauruhusu. Tuanzie wapi, na hatari yenyewe ni ipi hasa?

FundiBawa
Mpe babu shikamoo yangu. Kwanza ulizeni kisichoruhusiwa ni kipi. Mara nyingi mambo mawili yamechanganywa: kuingia eneo la maegesho ya ndege, na kupanda ndege yenyewe. La kwanza ombeni kibali cha muda kwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, mkubali kusindikizwa na mtu wao. La pili ni la mwenye ndege na bima yake. Aulize kwa maandishi kama bima inamgusa mtu aliyepanda ndege iliyosimama, injini zimezimwa. Nendeni na jibu hilo pamoja na orodha ya tahadhari, kwa sababu ofisa anayekataa anaogopa kubeba lawama peke yake.

Kabla babu hajafika, fundi aweke kabari mbele na nyuma ya magurudumu makubwa yote mawili. Breki ya maegesho haitoshi, presha ya haidroliki hushuka polepole. Pini za miguu ya magurudumu, zinazozuia yasikunjike, ziwe mahali pake na utepe mwekundu uonekane: wenzo wa kukunja magurudumu uko karibu na viti vya marubani, na mzee akitafuta pa kushika anaweza kuushika huo. Waya za betri zifunguliwe. Vibao vya kufungia mkia na usukani wa mabawa viwekwe, ili babu akivuta usukani, vipande vinavyocheza vya mabawa na mkia visimpige aliyesimama nje. Vihesabiwe vikiwekwa, vihesabiwe vikitolewa. Ndege ikiruka na kimoja kimesahaulika, rubani hana usukani.

Propela asiiguse mtu, hata kwa picha. Magneto, kifaa kinachotoa cheche za kuwasha injini, haitegemei betri. Kinachoizima ni waya mmoja tu unaoiunganisha na bodi swichi inapofungwa. Waya huo ukikatika, swichi inaonyesha imezimwa huku magneto iko hai, na propela ikisukumwa kidogo injini inaweza kushika.

Nesi_Chumbageni
Mimi naogopa kuanguka kuliko injini. Dakota hukalia mkia, kwa hiyo sakafu yake imeinama karibu nyuzi 11: kila mita 5 kwenda mbele unapanda karibu mita 1. Kupanda atajikaza. Kurudi ndiko kunakoangusha, kwa sababu uzito unamtangulia na goti lisilokunja halimzuii. Ashuke kinyumenyume, msaidizi mmoja upande wa chini mgongoni kwake, mwingine anatazamana naye ameshika mkanda mpana aliofungwa kiunoni. Msimnyanyue kwa makwapa, bega la umri huo huteguka upesi.

Ngozi yake sasa ni kama karatasi ya sigara. Avae mikono mirefu, na kingo za alumini mlangoni zifungwe sponji kwa tepu. Kama anatumia dawa za kuzuia damu isigande, mkwaruzo mdogo utavuja muda mrefu, bebeni chachi na bandeji. Akishakaa asisimame ghafla: achezeshe vifundo vya miguu dakika 2 kwanza, maana dawa za presha humfanya mtu aone kizunguzungu akiinuka.

Muda ni saa moja hadi saa tatu asubuhi. Baadaye bati linakuwa tanuri, na kusi likishika kasi linatikisa ule mkia mpana.

Pwani_Tupu
Mkia ukiinuliwa kwa stendi, sakafu si itanyooka?

FundiBawa
Itanyooka, lakini mlango uko nyuma, nao utapanda kwa zaidi ya mita moja. Tena mkia ulio juu ya stendi lazima ufungwe chini, la sivyo watu wakisogea mbele ndege inaweza kuinamia pua. Mtaondoa hatari moja mlete mbili. Iacheni ikalie mkia, mtafuteni seremala atengeneze ngazi. Mkikuta kizingiti kiko sentimita 128, gawa kwa 16, kimo cha kila kipandio, ni vipandio 8. Kila kipandio kiwe na sehemu ya kukanyaga yenye kina cha sentimita 30, upana 90, vishikio pande zote mbili. Ngazi ya chuma ya kuegemeza msiikubali.

Nyingine: mita nyingi za enzi hizo, yaani saa za vipimo mbele ya rubani, zilipakwa rangi ya radiamu, madini yenye mionzi, ili zing'ae gizani. Haing'ai tena, lakini radiamu yenyewe bado ipo, nusu yake tu huisha kwa miaka 1,600. Kioo kikiwa kizima, dakika kumi hazina neno. Kilichopasuka kifunikwe, asikiguse.

Raskazone_Kale
Kabla hamjamkokota hadi kwa rubani, mwulizeni anataka kukaa wapi. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makeya, ilipita bonde la Kabaw huko Burma wakati wa mvua, barabara zote tope, na Dakota ndizo zilizowalisha. Mchele uliweza kudondoshwa bila parashuti, gunia ndani ya gunia, ili la ndani likipasuka la nje lishike. Keya aliyesubiri chini hakuona mita wala usukani. Aliona tumbo la ndege na ule mlango wa kushoto, magunia yakisukumwa nje.

Kama anataka mlangoni, kazi imepungua nusu: hakuna mteremko mrefu, wala kupenyeza mguu kati ya viti vya marubani na wenzo za injini. Kama benchi za askari bado zipo ubavuni, akalie ya karibu na mlango, uso nje.

Mjukuu_Ngamiani
Tumemwuliza. Amesema mlangoni. Mwenye ndege ametumiwa ujumbe apime kizingiti, seremala anasubiri namba.