Naombeni ushauri: chasi ya gari la kujiundia, imejengwa nusu, inauzwa Lang'ata

Kijana wa South B

Wadau, habari za jioni. Kuna mzee mmoja Lang'ata anauza chasi ya gari la kujiundia, mtindo wa Lotus Seven: yale magari madogo ya watu wawili, yasiyo na paa, pua ndefu. Alianza kuijenga na mwanawe, kijana akahamia Kanada, kazi ikasimama. Anataka Sh180,000. Fremu imeshachomelewa, mikono ya suspensheni ya mbele ipo, raki ya stelingi ipo, tangi la mafuta lipo. Injini, giaboksi na ekseli ya nyuma hakuna. Imekaa muda mrefu chini ya mabati na rangi imebanduka sehemu kadhaa.

Nimeyapenda magari haya tangu niko shule. Spana nazijua, na nafasi ya kufanyia kazi ninayo kwa wazazi, Kitengela. Jumamosi narudi kuiona. Niangalie nini? Na nikiimaliza, nitaweza kuiendesha barabarani?

Fundi wa Kariobangi

Usiende mikono mitupu. Beba futi, timazi, pima maji, chaki, tochi na vernia (kipimo cha unene wa chuma).

Anza na unene wa paipu. Fremu hizi hujengwa kwa paipu za mraba za inchi moja, geji 16, yaani ukuta wa milimita 1.6. Mafundi wetu wa madirisha na mageti wamezoea geji 18, ambayo ni milimita 1.2, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, hasa zikishapakwa rangi. Tafuta paipu iliyo wazi mwishoni, uingize vernia. Ukikuta 1.2, mshukuru mzee uende zako, hata akikupunguzia nusu ya bei.

Kisha unyoofu. Weka fremu juu ya stendi nne kwenye sakafu ya simiti, isawazishe kwa pima maji. Kutoka kila tundu linaloshika mkono wa suspensheni, shusha timazi na utie alama ya chaki sakafuni. Ondoa fremu, pima mishazari ya tundu za mbele, kisha ya tundu za nyuma: kushoto mbele hadi kulia nyuma, halafu kinyume chake. Tofauti ya milimita 2 au 3 inavumilika. Ikizidi sana, gari litavuta upande na kula tairi, na hakuna alaimenti (kupanga magurudumu) itakayolitibu, kwa sababu ugonjwa uko kwenye fremu yenyewe.

Mwisho, weldi. Chungulia kila kiungo, hata upande wa chini. Mtu anayejenga huanza kwa kushikiza nukta nukta ili fremu ikae, akipanga kurudi kumalizia. Huyu kijana alisafiri. Usidhani alirudi kumalizia zote. Pale panapofungwa mikanda ya usalama na pale mikono ya suspensheni inaposhika, kagua mara mbili. Paipu za chini zigonge kwa nyundo ndogo. Iliyoliwa na kutu ndani hutoa sauti butu.

Nyaraka Kwanza

Ndugu yangu, vernia baadaye, karatasi kwanza. Kwa NTSA, mamlaka inayosajili magari, gari ni namba ya chasi. Hiyo fremu ina namba? Kama ililetwa kutoka nje, mzee akuonyeshe hati za forodha. Kama ilijengwa hapa, akupe risiti za vyuma na michoro.

Watakuja watu wakwambie ununue Toyota kuukuu yenye logbuku (hati ya umiliki), ukate kipande chenye namba ukichomelee kwenye fremu yako. Usithubutu. Hilo ni kosa la jinai, na siku ya ajali bima inaweza kukukana.

Waandikie NTSA sasa, kabla hujatoa hata shilingi, uambatanishe picha. Uliza gari lililojengwa na mtu binafsi linahitaji nini ili likaguliwe kwenye kituo cha ukaguzi cha Likoni Road na lisajiliwe. Upate jibu la maandishi. Neno la mtu uliyekutana naye dirishani halitakusaidia baadaye.

DX Milele

Mimi hofu yangu ni hivyo vitu visivyokuwepo. Lotus Seven ilitoka 1957, Caterham wakachukua haki ya kuiunda 1973, na waliojijengea nyumbani Uingereza wengi walitumia ekseli na injini ya Ford Escort Mk2. Hapa Escort ikipatikana bei yake haishikiki, maana wanaokimbia Safari Classic, mbio za magari ya zamani, wanazisaka. Kwa hivyo uliza fremu hiyo ilipimwa kwa ekseli gani.

Ningekuwa wewe ningetumia Toyota DX, ile Corolla ya zamani, KE70. Inasukuma kwa nyuma, ekseli yake ni ya kipande kimoja, na spea bado utazipata Kirinyaga Road. Injini 4K au 5K ni nyepesi na fundi yeyote wa zamani anaijua. Lakini hesabu vyote: propela shafti ya kukatwa na kubalansiwa, radieta, breki, rimu, waya, viti. Vitazidi bei ya chasi mara kadhaa.

Vumbi la Jamhuri

Wengine watakwambia ikikataliwa barabarani utaipeleka autokrosi, mbio za kwenye viwanja vya vumbi. Gari hili liko chini mno kwa nyanja zetu za vumbi. Ukiliinua kwa springi ndefu, mikono ya suspensheni inakaa pembe mbaya na kona hazishiki. Fikiria pia matuta ya njia ya Kitengela.

Kijana wa South B

Nimerudi kutoka Lang'ata. Ukuta ni milimita 1.6, nimepima sehemu mbili. Mishazari ya mbele inatofautiana kwa milimita 2, ya nyuma kwa 11. Namba hakuna. Risiti za paipu zipo, na michoro ya kijana iko kwenye faili, imeandikwa Escort. Vishikizo vya ekseli vimeshikizwa nukta tu.

Fundi wa Kariobangi

Basi hiyo 11 usiihofie sana. Vishikizo vya nukta vinasagwa na kupangwa upya ekseli ikiwa mkononi, na hata hivyo ungevihamisha kwa ajili ya DX. Fremu ni nzuri. Lakini Sh180,000 ni bei ya kazi iliyokwisha. Mwambie Sh90,000, faili ikiwemo.

Nyaraka Kwanza

Na mwandikiane hati ya mauzo kwa wakili, isemwe wazi kwamba NTSA wakikataa, mzee anakurudishia pesa.

Kijana wa South B

Mzee amekubali Sh110,000 na atanishikia hadi mwisho wa mwezi. Barua ya NTSA nimeituma leo. Wakikataa, sinunui, ingawa itaniuma.

DX Milele

Ukisubiri jibu, pitia Buruburu. Nina ekseli ya DX imelala tu. Njoo na michoro tupime flenji hadi flenji (pale rimu zinapofungwa), tuone kama tairi zitaingia ndani ya madigadi ya nyuma bila kugusa.