Paka katika mikao tofauti: miguu ya nyuma inanishinda

Muuliza swali
Wakuu, natumia rangi za maji, na zoezi langu ni paka. Aliyeketi akinitazama anatoka vizuri. Akijikunja, akinyemelea au akijiramba, naishia na mto wenye masikio. Nifanyeje mazoezi? Na miguu ya nyuma inapindia wapi hasa?

Mkaa_Laini
Mto unatokea kwa sababu unaanza na ukingo wa nje, na manyoya yanaficha viungo. Weka brashi kando kwanza. Chukua penseli ya 4B (yenye risasi laini na nyeusi), chora paka 20 kwa mkupuo, kila mmoja dakika moja au mbili, bila kufuta. Kwanza mstari mmoja wa uti wa mgongo, kichwani hadi ncha ya mkia; mkao wote umo humo. Kisha maumbo matatu: kichwa, kifua, nyonga. Akijikunja, nyonga na kichwa vinakaribia kugusana, na kifua kinabaki katikati.

Miguu sasa. Paka hutembea kwa vidole. Kile kinachochomoza nyuma, ambacho wengi hukidhania goti lililogeuka, ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, na linaelekea mbele. Akiketi, kisigino kinashuka na wayo mzima unalala chini, ndiyo maana unaonekana mrefu kupita ulivyotarajia. Usiufupishe!

Anayenyemelea: mfupa wa bega haukuungana na kifua kwa mfupa mwingine, unashikiliwa na misuli. Kwa hiyo mabega hupanda juu ya mstari wa mgongo. Ukisawazisha mgongo, mnyemeleo umekufa.

Tone_la_Maji
Kwenye rangi, tumia toni tatu tu mpaka mkao usomeke: mwanga, kati, kivuli. Paka mweusi usimpake nyeusi ya kopo, atakuwa tundu kwenye karatasi. Changanya bluu ya altramarini na kahawia nzito, na uache karatasi wazi pale mwanga unapopiga mgongo. Manyoya usiyachore unywele kwa unywele. Lowesha ukingo wa kivuli rangi isambae yenyewe, kisha ongeza michirizi michache kwa brashi karibu kavu, pale tu mwili unapopinda. Tabaka la kwanza likiwa bado bichi, la pili litatoa madoa yenye kingo kama koliflawa.

Milia nayo izunguke mwili kama pete kwenye pipa. Ukiinyoosha, paka anakuwa bapa.

Muuliza swali
Asante sana wakuu. Picha za simu zinafaa?

Mkaa_Laini
Zinafaa kwa mikao ya haraka kama kuruka, ila simu ikiwa karibu sana hukuza kichwa na kudogosha nyonga. Rudi nyuma hatua kadhaa, kisha vuta picha karibu kwa zumu. Kwa paka aliye hai, anza michoro minne au mitano kwenye ukurasa mmoja. Akigeuka, hamia mwingine. Akijiramba hurudia mikao ileile, nawe unarudi kwenye ule ulioacha.