MJADALA: Tunamwabudu Mungu au tunafanya naye biashara?

Wakuu habari zenu, hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu naomba tulijadili bila matusi. Hivi siku hizi Mungu tunamheshimu kama Mungu au tumemgeuza mganga wa kututoa kimaisha? Maana sikiliza shuhuda zetu, gari, ndoa, viza, cheo, adui zangu wameaibika. Ni nadra mtu asimame aseme nilimdhulumu ndugu yangu na sasa nimemrudishia chake.

Kinachoniumiza zaidi ni kile kisa cha Ayubu. Shetani aliuliza swali moja tu, huyu Ayubu anamcha Mungu bure? Yaani tuhuma yake ni kwamba binadamu hampendi Mungu, anapenda mifugo na mali aliyopewa, ondoa hivyo uone atakavyomkufuru. Sasa mtumishi akipanda madhabahuni akasema njoo kwa Mungu upate hela, si anakubaliana na Shetani kabisa?

Najua mtaniletea Malaki 3:10. Sawa, ahadi ya baraka kwa anayetoa zaka ipo siikatai, ila someni mstari wote, zaka iletwe ghalani ili kiwemo chakula nyumbani mwa Mungu. Chakula jamani. Na Kumbukumbu la Torati 14:28-29 inasema zaka ya kila mwaka wa tatu ilikuwa ya Mlawi asiye na fungu la ardhi, mgeni, yatima na mjane, ili wale na kushiba. Leo mjane ndiye anaambiwa apande mbegu, yaani atoe sadaka ya pesa ya mwisho aliyobaki nayo, na anayeshiba ni mwingine!

Ndugu zetu Waislamu nanyi msijione mko nje ya mada, Suratul Hajj aya ya 11 inamtaja mtu anayemuabudu Mwenyezi Mungu ukingoni, akipata kheri anatulia, akipata mtihani anageuka.

Na mimi nilikuwa huyo huyo. Nilifunga na kuomba nipate kazi fulani, nikaikosa, nikakaa karibu mwaka sikanyagi ibadani kwa hasira, baadaye ndo nikajiuliza hivi nilikuwa namtafuta Mungu au ile kazi, na jibu nililijua.

Sisemi kuomba ni kosa, hata riziki ya kila siku tumefundishwa kuiomba. Ila wale vijana watatu wa kwenye tanuru la moto, Shadraka, Meshaki na Abednego, walimwambia mfalme Mungu wetu anaweza kutuokoa, na hata asipotuokoa hatuisujudii sanamu yako. Hiyo "hata asipotuokoa" ndiyo siisikii ikihubiriwa siku hizi, tunahubiriwa kutoka kwenye tanuru tu.

Mnaotetea injili ya mafanikio, yaani kwamba ukiamini na kutoa sadaka Mungu atakupa mali na afya, naomba mnijibu hili kwa moyo mweupe. Mzazi ametoa sadaka zote alizoambiwa, amefunga, ameamini, na mtoto wake bado akafa. Mnamwambia nini? Maana nimesikia kwa masikio yangu mzazi wa hivyo akiambiwa imani yake ilikuwa ndogo.