Nashiba haraka, kalori hazifiki hata 1,000 kwa siku, nywele zimeanza kudondoka. Naombeni ushauri

Fundi wa Makole

Wapendwa, habari za jioni. Naombeni mnisome hadi mwisho, maana jambo hili limeninyima raha wiki ya pili sasa.

Nina miaka 34, urefu sentimita 162, nashona nguo hapa Dodoma. Katikati ya Januari nilikuwa na kilo 92. Magoti yalikuwa yananiuma na presha imeshaanza kupanda, nikaamua kupunguza mwili. Leo, wiki 10 baadaye, mizani inasoma 81. Nilifurahi mno, gauni nililoliweka kabatini tangu nijifungue mtoto wa pili limenienea.

Lakini mwezi huu nikichana nywele, nyingi zinabaki kwenye kitana. Nasikia baridi hata saa nane mchana. Nikiinuka ghafla kwenye cherehani naona giza. Hedhi ya mwezi uliopita haikuja, na si mimba, nimepima.

Wifi yangu akaniwekea programu ya kuhesabu kalori kwenye simu, nikanunua mizani ndogo ya jikoni. Nimepima siku nne mfululizo: nakula kati ya kalori 850 na 950. Nilishtuka, kwa sababu silali njaa. Nashiba hadi tumbo linakaza! Asubuhi ni chai ya rangi bila sukari, yai moja la kuchemsha na papai. Mchana nanywa kwanza maji nusu lita, halafu sahani iliyojaa mchicha na kabichi za kuchemsha bila mafuta, tango, na kipande cha samaki, ambacho mara nyingi nakiacha nusu. Jioni ni supu ya mboga, maharage kidogo na tikiti. Ugali, wali na mafuta niliviacha kabisa.

Swali langu: naongezaje chakula wakati sina pa kukiweka? Kilo 92 sitaki kuzirudia, na kuanguka dukani mbele ya wateja pia sitaki.

Mwana Pangani

Pole sana dada. Hiyo njia yako mie nimeipita mwaka juzi, hadi nywele. Zangu zilianza kutoka kama mwezi wa tatu baada ya kujibana, zikatoka miezi kadhaa, kisha zikaota tena nilipoanza kula vizuri. Usikate tamaa nazo.

Ukisoma hiyo orodha yako, tumbo limejaa maji na majani. Mchicha ni chakula kizuri, lakini gramu 100 za mchicha wa kuchemsha hazifiki hata kalori 25. Kwa hiyo unashiba kweli, ila unashiba ujazo.

Nililobadilisha kwanza ni mpangilio wa mlo. Samaki wote aishe sahanini ndipo niguse mboga. Maji nanywa baada ya kula, au kati ya mlo na mlo. Na mboga sizichemshi tena kavu: kisamvu changu kina tui la nazi na karanga za kutwanga, kama mama alivyonifundisha, tofauti ni kwamba sasa napakua kidogo. Sahani ilipungua ukubwa, nguvu zikarudi, na kilo ziliendelea kushuka, polepole tu.

Kula kwa Kiasi

Mimi nitatofautiana kidogo. Kula bila njaa ndiko kulikotunenepesha wengi wetu. Mwili ukisema basi, ni basi. Hayo mafuta uliyobeba mwilini si ndiyo akiba yenyewe? Acha mwili uyatumie.

Afisa Lishe wa Zamani

Mkuu Kula kwa Kiasi, kwa mtu asiye na dalili yoyote ningekuunga mkono. Huyu dada hedhi imekata, ana baridi, ana kizunguzungu. Akiba ya mafuta inatoa nishati, haitoi protini wala madini ya chuma. Mwili usipopata protini ya kutosha unakula misuli.

Dada Fundi, tufanye hesabu pamoja. Kuna kanuni tunayoitumia sana, ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990. Kwa mwanamke: uzito mara 10, jumlisha urefu mara 6.25, toa umri mara 5, toa 161. Kwako inakuja kama kalori 1,490, na hizo ni za kupumua, moyo kupiga na mwili kupata joto tu, hata ukilala kutwa. Ukiweka na kazi zako unatumia kama 2,050. Punguza 500, unabaki na 1,550. Kwa kiwango hicho bado utapungua karibu nusu kilo kwa wiki, na nusu kilo hadi kilo moja ndiyo kasi tunayoishauri. Mwanamke kushuka chini ya 1,200 bila kusimamiwa na mtaalamu hatukushauri.

Una pengo la kalori 600 hivi. Kwa mchicha mtupu ungehitaji zaidi ya kilo mbili na nusu kuliziba. Sasa angalia: karanga kiganja kimoja, gramu 30, ni kama 170. Nusu parachichi ya wastani ni 160. Kijiko kikubwa cha mafuta kwenye mboga ni 120. Kikombe cha maziwa yasiyotolewa mafuta ni 150. Jumla 600, na vyote havijazi bakuli la uji. Sababu ni kwamba gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati ya wanga au protini ina 4. Ulipofuta mafuta yote ulifuta chakula chenye kuchukua nafasi ndogo kuliko vyote.

Protini ilenge gramu 80 hadi 100 kwa siku. Dagaa wakavu, mayai mawili badala ya moja, maharage, mtindi. Gawa milo mitano midogo. Ugali kiasi cha ngumi yako haukudhuru.

Nina swali muhimu kuliko yote: unameza dawa ya presha? Uzito ukishuka kilo 11, dozi ileile inaweza kuishusha presha kupita kiasi, na hilo giza machoni linaweza kuwa ndilo hilo. Usiiache mwenyewe, nenda ukapimwe. Waombe wakupime pia wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo. Ukipata maumivu makali chini ya mbavu za kulia nenda haraka, maana kupungua kwa kasi huongeza hatari ya mawe kwenye mfuko wa nyongo. Na kama huko kushiba haraka kunakuja na kutapika, choo cheusi, kikohozi cha zaidi ya wiki mbili au kutokwa jasho usiku, basi hilo si suala la mboga tena, waeleze yote.

Mama Watatu

Naongeza: mwenye kutumia sindano za kupunguza uzito au metformini ya kisukari ajue dawa hizo nazo hupunguza hamu ya kula, na sindano huchelewesha chakula kutoka tumboni. Mwenye hali hiyo azungumze na daktari wake, asijilaumu.

Mkimbiaji wa Alfajiri

Salamu kutoka Eldoret. Dada, nilipunguza kilo 14 huku nikikimbia, na nilikwama mahali ulipo. Kilichoniokoa ni kunywa chakula. Kutafuna kulikuwa kunanichosha, lakini gilasi ya maziwa lala saa nne na kikombe cha uji wa wimbi uliotiwa njugu za kusaga (nyinyi mwasema karanga) saa kumi vilishuka bila shida. Jioni sukuma wiki nikaikaanga na mafuta kidogo pamoja na omena. Wakati huo naogopa ugali kama sumu, ilhali wakimbiaji huku wanaula kila siku na ni wembamba kuniliko.

Fundi wa Makole

Nimerudi baada ya siku tisa. Afisa Lishe, Mungu akubariki. Ndiyo, nilikuwa nameza dawa ya presha, wala sikufikiria kuitaja. Nilipopimwa ilikuwa 98 kwa 62. Daktari amepunguza dozi na nitarudi baada ya wiki mbili. Damu ni 10.8, amenipa vidonge vya madini ya chuma. Sukari iko sawa, majibu ya tezi bado.

Kula: siku tatu za kwanza zilikuwa ngumu, nilipotia mafuta kwenye mboga mkono ulitetemeka. Sasa samaki anaisha, maji nanywa baadaye, karanga nimeziweka kwenye kopo kando ya cherehani. Jana nimefika 1,480 na tumbo halikukaza. Uzito ni 80.6. Nywele bado zinatoka, hedhi bado. Lakini tangu juzi naamka bila ile baridi.

Swali moja: hivi vidonge naweza kumeza na chai ya asubuhi?

Afisa Lishe wa Zamani

Hapana dada, chai inazuia chuma kisifyonzwe vizuri. Meza kwa maji, ule na chungwa, chai isubiri angalau saa moja. Maziwa nayo yasogeze mbali na kidonge. Choo kikiwa cheusi kwa sababu ya vidonge usiogope, ila ukiwa na maumivu ya tumbo mwambie daktari. Majibu ya tezi yakitoka, yaandike hapa.