Mjadala: Je, Daktari Mindy alipaswa kurudiana na Danny?

Mleta mada

Wakuu, nimeitazama upya The Mindy Project hadi mwisho na kuna jambo limenikaa kooni. Naliweka hapa tulijadili, maana naona wengi wanalipita kana kwamba ni suala la nani anampenda nani tu.

Kwa asiyeijua: ni tamthilia ya vichekesho vya mapenzi ya Marekani. Ilianza Septemba 2012 kwenye kituo cha Fox, Fox wakaitema mwaka 2015, Hulu, huduma ya kutazama vipindi mtandaoni, wakaidaka na kuifikisha tamati Novemba 2017. Misimu 6, epsodi 117. Aliyeibuni ni Mindy Kaling, na ndiye anayecheza kama Mindy Lahiri, daktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake katika kliniki binafsi huko Manhattan, New York. Mama mzazi wa Kaling alikuwa daktari wa fani hiyo hiyo, na alifariki Januari 2012, miezi michache kabla tamthilia haijaanza kuonyeshwa. Nalitaja hili kwa sababu linaonekana kwenye kazi yenyewe. Ukiondoa vituko vyote, Mindy Lahiri ni daktari anayejua kazi yake na anajivunia kuijua.

Angalia epsodi ya kwanza kabisa. Mindy yuko mezani na mwanamume, wametoka mara ya kwanza, mambo yanakwenda vizuri, na Mindy ni mtu ambaye amekuwa akililia penzi tangu dakika ya kwanza. Simu inalia. Mjamzito wake, mama asiye na bima, ameshikwa na uchungu. Mindy anaondoka kwenda kumzalisha. Wanakwambia mapema huyu ni mtu wa namna gani: mapenzi anayataka kwa moyo wote, lakini mgonjwa akiita, anakwenda.

Sasa njoo kwa Danny Castellano, daktari mwenzake pale pale kliniki, anayechezwa na Chris Messina. Wawili hawa wanagombana misimu miwili mizima, kisha wanapendana, na msimu wa pili unafungwa Mei 2014 kule juu ya jengo la Empire State, Mindy akiwa amefika hoi bin taabani. Ni tamu kweli. Mimi mwenyewe nilifurahi.

Wakapata mtoto, Leo. Hapo ndipo tamthilia ilipofanya jambo la ujasiri. Danny akataka Mindy abaki nyumbani. Mindy akajaribu, ikamshinda, akarudi kazini na kuanzisha kliniki yake ya kuwasaidia wanaohangaika kupata watoto. Danny akataka mtoto wa pili haraka, Mindy akataka kwanza kliniki isimame. Katikati ya msimu wa nne, mwishoni mwa 2015, Mindy anamweleza waziwazi: nikienda kazini naambiwa mama mbaya, nikiongeza glasi ya pili ya mvinyo naambiwa nimeshindwa kujizuia, nikikataa mtoto mwingine naambiwa mbinafsi. Wakaachana.

Halafu, epsodi ya mwisho kabisa, wanarudiana. Watu wakalia machozi ya furaha.

Msimamo wangu: ule mwisho ulimkosea yule daktari. Hawakuachana kwa sababu penzi lilikwisha. Waliachana kwa sababu ya kazi, na suala la kazi halikujibiwa mpaka taa zinazimwa. Nauliza: hadithi ya mapenzi ina haki ya kumrudisha mwanamke kwa mwanamume aliyemtaka aache taaluma yake, bila kutuonyesha kwamba mwanamume huyo amebadilika katika jambo hilo hasa? Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, unamwonea Danny. Huyu ni kijana wa Staten Island, Mkatoliki wa kweli, baba yake aliikimbia familia akiwa mdogo, akalelewa na mama peke yake. Mke wake wa kwanza alimsaliti. Mtu wa namna hiyo akipata mtoto, ataing'ang'ania familia kwa mikono miwili. Alitaka Leo akue na mtu nyumbani, kitu ambacho yeye alikikosa. Hilo ni kosa?

Halafu Danny huyo huyo alivumilia Mindy alipokwenda Stanford, California, kusomea mambo ya uzazi, yeye akibaki New York. Mtu anayechukia kazi ya mwenzake hakubali hilo.

Na ni vichekesho, jamani. Mwisho wa vichekesho vya mapenzi ni wawili kukutana. Wangeachana moja kwa moja mngelalamika pia.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni muuguzi, na kinachoniuma mimi ni Ben. Baada ya Danny, Mindy alimpata mwanamume ambaye ni muuguzi, baba anayemlea binti yake, mtaratibu, anayejua zamu ni nini bila kuelezwa. Wakaoana. Msimu wa mwisho ndoa ikavunjika ili nafasi ya Danny ibaki wazi.

Daktari mwanamke na mume muuguzi ni picha ambayo televisheni karibu haituonyeshi. Daktari mwanamume na mke muuguzi tumeiona mpaka tumechoka. Walikuwa nayo mkononi wakaitupa. Hakuna aliyemdhulumu Mindy pale, ila mwandishi alishaamua nani ndiye "wa kweli", na wa kweli lazima awe daktari mwenye sauti kubwa.

Mchangiaji wa tatu

Naona mnaipa tamthilia uzito isioubeba. Udaktari wenyewe humo ni pazia la nyuma tu. Wanashinda wakipiga soga pale mapokezi, wagonjwa tunawaona kwa dakika mbili, na nusu ya madaktari wamewahi kutoka kimapenzi na wenzao wa kliniki hiyo hiyo. Kwenye kliniki ya kweli hiyo ni kesi, maana wale ni wabia, fedha zao ziko pamoja, wakigombana kitandani wanaoumia ni wafanyakazi na wagonjwa. Kama kuna swali la kujadili, ni hilo. Nani alimruhusu Danny kuwa mpenzi wa mbia wake?

Mleta mada

Asanteni kwa michango. Nianze na hii ya tatu kwa sababu ni fupi kuijibu. Ni kweli wagonjwa hawapewi muda, na ni kweli mapenzi ya wabia ni hatari. Lakini siafiki kwamba udaktari ni pazia tu. Ukimfanya Mindy kuwa mwandishi wa magazeti au mpishi wa keki, ugomvi wake na Danny unapoteza meno. Uzazi hauna saa. Mtoto hazaliwi kwa ratiba ya daktari. Ndiyo maana swali la nani abaki na Leo lilikuwa kali kiasi kile.

Na fikirini mfumo wanamoishi. Marekani, mpaka kufikia Mindy kuwa daktari kamili wa fani hiyo, mtu anasoma chuo miaka 4, shule ya udaktari miaka 4, halafu mafunzo ya hospitali miaka 4 mingine. Katika mafunzo hayo, tangu 2003, kanuni ndiyo inayoweka kikomo cha saa 80 kwa wiki, yaani hicho ndicho kinachoitwa unafuu. Mwanamke anamaliza akiwa na miaka 30 na kitu, umri ule ule ambao kila mtu anamuuliza atazaa lini. Sheria ya shirikisho ya 1993 inampa mfanyakazi wiki 12 za likizo ya uzazi, bila malipo, tena kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi. Kliniki ya Mindy ni ya madaktari wachache, wauguzi na watu wa mapokezi. Hesabuni wenyewe kama inafika huko.

Sasa mtu aliyepita njia hiyo yote anapoambiwa na mwenzake "kaa nyumbani", hapunguziwi mzigo. Anaambiwa miaka 12 ile ilikuwa ya kupitisha muda.

Hapo nakuja kwa ndugu yangu mchangiaji wa kwanza. Kuhusu baba yake Danny, nakubaliana nawe kabisa, na nadhani ndicho kilichomfanya Danny awe mhusika bora kuliko wote humo. Maumivu yake ni ya kweli. Lakini angalia anayatibu kwa gharama ya nani. Danny naye ni daktari wa uzazi. Ana digrii zile zile, zamu zile zile, na ni baba wa mtoto yule yule. Kama shida ni Leo kukosa mzazi nyumbani, kulikuwa na wazazi wawili wa kuchagua. Hakuna epsodi ambayo Danny anasema, basi mimi nitapunguza wagonjwa. Wazo hilo halimjii kabisa, na tamthilia ilijua halimjii, ndiyo maana ugomvi ule uliandikwa vizuri vile.

Stanford nayo haikusaidii, ndugu yangu. Wakati ule hawakuwa na mtoto. Kuvumilia umbali wa mpenzi ni jambo moja, kuvumilia mama wa mtoto wako awe na kliniki yake ni jambo jingine. Cha kwanza Danny alikiweza.

Dada muuguzi, hoja yako imenigusa, na naona ni nzito kuliko yangu. Niliangalia ndoa ile nikaona imeandikwa kama kituo cha kusubiria basi, lakini sikuwahi kuiona kwa jicho la cheo cha kazi kama ulivyosema.

Mchangiaji wa nne

Mimi niko katikati. Mleta mada, unasahau Mindy si malaika. Ni mbinafsi mara nyingi, anadanganya, anaficha mambo mpaka yanamlipukia. Uzuri wa Kaling ni kwamba hakumwandika mwanamke wa mfano. Miaka ile kumpata mwanamke mwenye asili ya India akiwa kinara wa tamthilia kwenye kituo kikubwa cha Marekani lilikuwa jambo jipya, na rahisi ilikuwa kumfanya awe mwema kila saa. Akamfanya mtu. Sasa mtu huwa anarudi kwa yule anayempenda hata kama hesabu haijakaa. Mnaowataka wanawake wa kwenye skrini wafanye maamuzi sahihi tu, mnawanyima kitu ambacho wahusika wanaume wamekuwa nacho siku zote.

Mchangiaji wa kwanza

Hapo umemaliza. Anampenda. Basi.

Mleta mada

Hapana, hajamaliza, ingawa amenifanya nifikiri sana.

Mchangiaji wa nne, nakubali Mindy si malaika na simtaki awe malaika. Akirudi kwa Danny kwa sababu moyo umemshinda, sawa, nionyeshe hivyo. Nionyeshe anajua anachokihatarisha. Kilichonikera ni kwamba epsodi ya mwisho inatutaka tufurahi kana kwamba hakuna kilichobaki mezani. Mtu anaweza kufanya uamuzi mbaya na hadithi ikabaki nzuri, ila hadithi yenyewe lazima ikumbuke iliyoyasema.

Na hii tamthilia ilikuwa na kumbukumbu ilipotaka. Mwaka 2017 kuna epsodi ambamo Mindy anaomba cheo cha kuongoza idara ya uzazi hospitalini, anaona anapuuzwa kwenye usaili, kisha anaamka asubuhi akiwa mwanamume mzungu. Ghafla kila neno lake lina uzito, vyumba vinanyamaza anapoongea, makosa yake yanasamehewa kabla hajayaomba radhi. Ni kichekesho, lakini kinasema wazi jinsi daktari huyu anavyopimwa kwa mizani tofauti. Walioandika epsodi hiyo hawawezi kuniambia hawakuona kwamba Danny alikuwa anatumia mizani hiyo hiyo jikoni.

Leo hii zaidi ya wanne kati ya kila watano wanaosomea fani ya uzazi katika hospitali za Marekani ni wanawake. Mindy hana upekee tena. Wako maelfu wenye ratiba kama yake, na baadhi yao wameolewa na madaktari wenzao. Ndiyo maana naona swali hili ni la watu wote, si la mashabiki wa Danny na mashabiki wa Ben.

Mnaniuliza ningetaka mwisho gani. Sikutaka waachane milele. Ningeridhika na onyesho moja, hata la dakika tatu, wamekaa na kalenda zao mbili, Danny akafuta siku zake mwenyewe bila kuombwa. Lingeweza hata kuchekesha, kwa sababu Danny ni mtu wa kung'ang'ania kalenda yake kama msahafu. Baada ya hapo wakumbatiane watakavyo, nami nitalia kama wenzangu.

Kwa hiyo wanaosema mwisho ulikuwa sahihi, wanijibu hili kwanza: usiku Leo amepandwa na homa, Danny ana mgonjwa leba na Mindy ana mgonjwa leba. Kwa yale tuliyoonyeshwa mpaka epsodi ya 117, nani anabaki nyumbani?