Tupeane uzoefu: kaseti, diski na radio za wakati wa Zaïre, nani bado amechunga?

Bandugu ba Lubumbashi, jambo yenu. Kila mtu aseme ni kitu gani bado anachunga mu nyumba, ya radio ao ya televizyo. Naanza mimi.

Niko na kaseti zenye papa alirekodi ku radio, Mufwankolo, mchekeshaji wa hapa, na kikundi chake wanacheza teatre mu Kiswahili chetu ya hapa, ile tunaongea ku soko. Papa alikuwa anafinya vidude viwili pamoja, anatupigia kelele tunyamaze, lakini wapi, mu kaseti unasikia mchezo, unasikia na mama anakoroga bukari (ugali) na jogoo ya jirani, kiisha alikuwa anavunja tule tuplastiki twa juu ili mtu asirekodi tena. Kwangu kaseti kama hii inapita ya duka, juu ya duka waliuza nyingi, hii iko moja tu dunia nzima.

Mwana Kamalondo: Kwetu ni diski ya Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa, ni ya babu. Babu alikuwa anatuambia kila mara vile Hugh Tracey, muzungu mwenye alikuwa anarekodi miziki ya Afrika, alimukuta mu Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, 1952, akamurekodi na gitaa yake. Gramofoni ilikwisha kufa lakini diski haitoke hapa.

Mama wa Kenya (komini yetu ya Lubumbashi, hapana inchi): Mimi ni funguo! Televizyo yetu ilikuwa mu kabati ya mbao yenye milango, papa anatembea na funguo mu mfuko. Watoto wa mtaa wanaosha miguu kwanza ndiyo waingie, wengine wanasimama ku dirisha, na mbele ya habari rais Mobutu anatokea ku televizyo mu mawingu, wadogo tuliamini kabisa anaishi kule juu. Televizyo waliuza, funguo nilikatala.

Mama, funguo hiyo uichunge kabisa, nimefurahi sana kusoma.

Sasa wenye kaseti, tafazali: ukiona ukungu mweupe ku utepe usiicheze, itachafua na kichwa ya mashini. Yenye iko safi izungushe polepole na kalamu ya Bic mpaka mwisho kwanza, iachane, ndiyo ucheze. Yangu nataka kuziingiza mu simu mbele hazijaharibika. Nani iko na magneto (mashini ya kucheza kaseti) inatembea muzuri, mu komini ya Katuba ao Ruashi? Mapile (betri) naleta mimi.