Mjadala: Kutia swichi ya busti (ya kuinua sauti) ndani ya Deluxe Reverb ya zamani, ni akili au ni kuiharibu?

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Nina Fender Deluxe Reverb ya 1972, amplifaya ya gitaa ya tyubu (zile chupa za kioo zinazokuza sauti), wati 22. Mjomba aliniletea kutoka Marekani, hivyo naiwasha kwa stepdauni, transfoma ya kushusha volti, maana ni ya volti 120. Sauti yake safi, sina malalamiko. Tatizo ni pale tunapoingia kwenye sebene: tarumbeta zikipanda, solo langu linamezwa. Sitaki kelele za roki. Nataka kiswichi kimoja tu, nikikiwasha solo lisogee mbele kidogo, nikikizima lirudi kwa wenzake. Fundi amekubali. Mpiga besi wetu kanuna, anasema ni sawa na kutoboa mlango wa Zanzibar uweke kitasa cha Kichina. Nyie mnasemaje?

Mpiga rithim
Namuunga mkono mpiga besi. Hebu niambie, hiyo swichi itakaa wapi? Mgongoni mwa amplifaya. Sasa katikati ya sebene, mikono yote miwili iko kwenye gitaa, utageuka ukapapase gizani huku watu wanacheza? Nunua pedali ya busti, iweke mguuni, yaishe.

Fundi redio
Kabla hamjafika kwenye swichi, tuulizane busti itatoka wapi. Watu wengi wanakariri: "tia kapasita kwenye katodi," yaani kifaa cha kushika chaji kwenye mguu mmoja wa tyubu. Ni kweli, tyubu ya 12AX7 yenye rezista (kizuia umeme) ya 100k, yaani kilo-ohm 100, kwenye anodi, mguu wa kutolea mawimbi, na 1.5k kwenye katodi, bila kapasita, inakuza mawimbi kama mara 30. Ukiweka kapasita kubwa inafika karibu mara 60. Lakini mkuu, Deluxe Reverb imetoka kiwandani na kapasita hizo, maikrofaradi 25. Ukifunga swichi hapo hujaongeza kitu, umefunga breki!

Pa kugusa ni kwenye toni. Amplifaya hiyo ina besi na trebo, haina kitufe cha midi, yaani sauti za kati. Mahali pake pana rezista moja ya 6.8k inayokwenda ardhini (graundi). Ongeza nyingine ya kama 15k mfululizo nayo, swichi iwe ya kuiruka hiyo ya 15k. Ikiwa imerukwa, amplifaya ni ileile ya kiwandani. Swichi ikiiingiza hiyo ya 15k, sauti za kati zinajaa, na solo linaishi hapo hapo kwenye sauti za kati. Kapasita za toni zimezuia umeme wa moja kwa moja usifike hapo, kwa hiyo swichi haibebi volti za kutisha. Na hutoboi chochote. Kama chaneli ya Normal huitumii, toa soketi yake moja ya kuingizia gitaa, swichi ndogo na washa zake ikae kwenye tundu hilo.

Mpiga rithim
Bado ni ya mkono, fundi. Hujajibu.

Fundi redio
Kwa mguu inabidi kutia relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na waya mrefu. Hapo nakiri si kazi "ndogo" tena.

Mzee wa vinanda
Hii habari ya kuiheshimu kama msahafu inanichekesha. Top Boost, saketi ya kuongeza trebo ya amplifaya ya Vox AC30, ambayo leo watu wanailipia fedha nyingi, mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa kifaa cha kuongezea, kinafungwa nyuma ya amplifaya iliyokwisha uzwa. Baadaye ndipo ikaingizwa kiwandani. Na Randall Smith alianza kampuni ya amplifaya ya Mesa/Boogie kwa kuzipasua amplifaya ndogo za Fender Princeton na kuzitia nguvu. Tusingekuwa na nusu ya sauti tunazozipenda kama kila mtu angeogopa bisibisi.

Ila kijana, usiifungue mwenyewe. Mimi niliwahi kuchomoa waya ukutani, nikajiona salama, nikaingiza kidole. Kapasita za pawa zilikuwa bado zimeshika chaji. Mkono ulikufa ganzi mpaka jioni, na wanangu wananicheka hadi leo. Humo ndani mnapita zaidi ya volti 400.

Mwimbaji
Mnajadili solo, je mmewauliza wapiga tarumbeta kama wanaweza kushuka kidogo?

Mleta mada
Dada, nimeshauliza, majibu yake siyaandiki hapa 😂

Fundi, nimekuelewa. Jumamosi tunaifungua, rezista ya zamani haitolewi, ya 15k inafungwa mfululizo nayo, soketi ya Normal inatunzwa kwenye bahasha ndani ya kava. Mpiga rithim, hoja yako ya mguu imenigonga. Nitaazima pedali ya mtu kwa onyesho moja kwanza, nirekodi zote mbili kwa sebene lilelile, nirushe hapa bila kusema ipi ni ipi. Mpiga besi ndiye atakayeanza kubahatisha.